Kifungo cha Kijani

Mpelelezi Jonkus anataka kila kitu,
tangu saa saba usiku hadi lori la taka lilipopita.
Basi nimeketi nyuma ya duka la Stulpinas, hapa Klaipėda,
theluji ya buti zangu ikigeuka dimbwi sakafuni,
naukata usiku vipande kama mkate mweusi.

Kamera ya kwanza ni mtaa.
Taa moja. Theluji isiyo na haraka.
Paka: dakika arobaini za paka.
Kisha koti lenye kofia, na ndani ya koti, nadhani, mtu.
Kamera zetu ni za bei ya chini;
uso ukiwa mbali huwa punje saba za kijivu,
mama mzazi angezipita sokoni asizisalimu.

Kamera ya pili haioni. Buibui
alijenga mbele ya lenzi tangu Septemba,
nami niliandika daftarini, mara mbili, kwa wino mwekundu.
Leo ndiye shahidi wangu bora:
saa nane na dakika sita utando unacheza.
Mlango umefunguliwa. Haukuvunjwa. Umefunguliwa,
kama mtu anavyoingia kwake.

Kamera ya tatu, kaunta ya kaharabu.
Huyu bwana si mroho. Mikufu minene ya watalii anaiacha,
anajua droo ipi, anajua hukwama hadi uiinue kidogo.
Anajaza mfuko bila sauti; lakini humu hakuna chenye sauti,
hata mimi nikikohoa.
Halafu anasimama. Jiwe moja analiinua kwenye tochi,
ndani yake mbu, miguu sita, kamili,
aliyenaswa akienda kwenye shughuli zake
kabla hajatokea binadamu wa kumpiga kofi.
Sekunde kumi na mbili mwizi anamtazama mbu.
Analirudisha jiwe mahali pake.
Sikutarajia. Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu.

Kamera ya tano imekufa; Stulpinas ni bahili.

Kamera ya sita, mlango wa nyuma.
Saa nane na robo mfuko unatoka,
mikono miwili midogo, yenye glovu za sufi, inaupokea.
Anayepokea anainua kichwa, anaitazama lenzi moja kwa moja
kwa kuwa anajua ilipo. Nilimwonyesha mimi,
akiwa na miaka tisa, siku shule ilipofungwa kwa baridi,
akapunga mkono, tukacheka.
Safari hii hapungi.
Nafuta. Kidole hakitetemeki, nami nashangaa.
Nitamwambia Jonkus: ya tano na ya sita, zote mbovu.

Imebaki ya nne.
Ya nne inanitazama mimi.
Nimelala kitini, mdomo wazi, mzee wa kuchekwa,
kando yangu glasi ya chai iliyonywewa hadi majani.
Ugnė huniletea chai kila Alhamisi.
Jana ilikuwa Jumanne.

Ningekata hapo, ningeweza.
Lakini saa nane na nusu, kazi imekwisha, gari linangoja,
mkono wa koti unaingia kwenye picha, wa kijivu,
na kifungo kimoja cha kijani kati ya vyeusi:
nilikishona mwenyewe, Novemba, bila miwani.
Mkono unachukua blanketi, unanifunika magoti,
unalipandisha hadi kidevuni.
Kisha unatua begani. Nahesabu: sekunde tisa.
Na gari linangoja.

Kidole changu kiko juu ya kitufe.
Ya nne ingali inarekodi, mzee yuleyule, kiti kilekile,
sasa macho wazi.
Mtu anabisha mbele. Namwona kwenye ya kwanza:
punje saba, na kofia ya polisi.
Naichukua glasi, naenda kuiosha.